Mwaka Tuliokatazwa Kutaja Mchanga

Mwezi uliopita, katika matanga ya Bi Saada, mtu aliyewahi kutaka kuifunga redio yetu alisimama mbele ya waombolezaji akasema yeye ndiye aliyeianzisha. Hakuona haya hata kidogo. Alikuja Kithimani, mji wetu mdogo, na magari yake, akapewa kiti cha mbele chini ya turubai, na zamu yake ya kutoa rambirambi ilipofika akaweka mkono kifuani. "Mimi na marehemu tuliota ndoto moja," akasema. "Redio Kisio tuliianzisha kwa mikono yetu wenyewe." Vijana wengi waliokuwa pale walikuwa bado hawajazaliwa wakati ule, au walikuwa wakinyonya, na wanamjua tu kwa jina la Mheshimiwa, jina ambalo nami nitalitumia hapa. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilikuwa nimeketi upande wa wanawake, leso kichwani, na ng'ambo ya ua nikamwona Kilonzo, aliyekuwa fundi wetu, akinitazama. Nywele zake zimeisha, zangu zimeanza kuwa nyeupe, lakini lile jicho nililifahamu. Wajukuu wa Bi Saada walikuwa wamechoka kwa kulia na pale hapakuwa mahali pa kubishana. Lakini nilirudi kwangu Machakos mjini na hasira ambayo sikuwa nimeihisi kwa miaka mingi, na sura hii, ambayo nilikuwa nimekusudia iwe juu ya mambo mengine kabisa, imekuwa hii.

Nitaeleza mwaka mmoja tu, kwa sababu mwaka huo unatosha. Redio ilikuwa katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la Bi Saada, upande wa soko unaotazamana na wauza vitunguu. Kisio, kwa Kikamba, ni eneo la watu wanaojuana, na jina hilo alilichagua Kilonzo. Kabla ya hapo chumba kilikuwa stoo. Kilonzo alibandika trei za mayai kwenye kuta ili sauti isirudi, na juu ya trei Bi Saada akatundika leso zilizokataliwa na wateja, za rangi ambazo hakuna mwanamke wa huku Yatta angekubali kuonekana nazo, hivyo tulitangaza habari za ng'ombe waliopotea tukiwa tumezungukwa na zambarau na manjano kali. Dirisha lilikuwa moja, lenye nondo, likitazama sokoni. Matangazo yakiwa hewani tuliliziba kwa blanketi, na bado punda walisikika, na mama mmoja wa vitunguu mwenye sauti kubwa alisikika kila siku mpaka wasikilizaji wakaanza kuuliza hali yake siku ambazo hakuja. Joto la mle ndani sitalisahau. Dukani kulinukia udi, na kutoka hoteli ya jirani ilikuja harufu ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakichemka na maharagwe tangu alfajiri, kiasi kwamba kufikia habari za saa sita nilikuwa nikisoma huku tumbo likinguruma. Tangu wakati huo nimefanya kazi katika studio za Nairobi zenye zulia ukutani na mashine za kupoza hewa. Hakuna hata moja iliyonifundisha jambo ambalo sikuwa nimejifunza katika ile stoo.

Bi Saada aliletwa bara na ndoa, akitokea mji mdogo wa Pwani, na mumewe alipofariki akabaki Kithimani na duka lake. Wazo la redio alilitoa kwao. Alikuwa amekwenda kumtazama dada yake aliyekuwa mgonjwa, na akakaa kitako sebuleni siku nyingi akisikiliza redio ya mji ule, redio ndogo iliyokuwa ikirushwa kutoka chumba ambamo zamani ilihifadhiwa barafu. Ilisoma bei ya samaki, majina ya waliofariki, na nani amefungua darasa la kushona. Dada yake alikuwa hawezi kutoka kitandani lakini alijua kila kilichotokea mjini. "Niliporudi huku," aliniambia Bi Saada, "nikamwuliza Kilonzo, mbona sisi hatuna? Akasema ni kazi ngumu. Nikamwambia sikukuuliza kama ni kazi ngumu." Kilonzo alikuwa akitengeneza redio na simu kwenye kibanda kando ya duka. Alihangaikia leseni katika ofisi za Nairobi mpaka walinzi wakamzoea, na mlingoti akausimamisha yeye mwenyewe karibu na tangi la maji. Hao ndio waanzilishi. Hakukuwa na mtu wa tatu.

Mimi nilikwenda pale kuomba kazi ya kupima vitambaa. Bi Saada alinisikia nikimweleza mteja tofauti ya vitambaa viwili, akaniita nyuma, akanipa tangazo la kifo nilisome. Nikalisoma. Akaniambia, "Usisome kama unayewaogopa. Soma kama umekwenda mpaka mlangoni kwa mtu kumpelekea habari." Tangu siku hiyo nikawa mtangazaji. Kiswahili changu kilikuwa cha huku kwetu, na chake kilikuwa cha Pwani, na juu ya hilo tulibishana mwaka mzima.

"Kiti yangu ndiyo nini, Mbithe? Kiti changu."

"Huku sote tunasema yangu, Bi Saada. Nikisema changu wataniuliza nimetoka wapi."

"Basi hewani sema yote mawili, wachague wenyewe."

Na kweli kuna siku nilisema yote mawili, na Kilonzo akacheka nyuma ya mitambo mpaka ikabidi atoke nje.

Mchana tulikula sinia moja. Siku za kawaida ilikuwa muthokoi kutoka kwa jirani au chapati na maharagwe. Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, Bi Saada alileta wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na Kilonzo, mtoto wa mhubiri aliyelelewa kwa ugali na mboga, alikuwa akisema wali ule ni mtamu mno kuwa chakula cha mtu mzima, kisha akala kuliko sisi wote. Ni katika kula kule nilikojua mambo ya Kithimani. Watu waliokuja kuleta matangazo walisimama dirishani na kuongea, na Bi Saada aliwaacha waongee. Nilijua nani amekosana na nani kwenye chama cha kanisa. Nilijua kwamba maji yameanza kuwa shida huko mtoni, miezi kabla hatujalitangaza, kwa sababu wanawake waliokuwa wakija asubuhi sasa walikuja alasiri, na walipoulizwa mbona wamechelewa, walijibu neno moja tu, "Maji."

Kisha siku moja, kiangazi kikiwa kimekaza, aliingia mama mmoja aitwaye Syombua pamoja na wenzake. Alitoka Mikuyuni, mahali mto unapokata kona. Hakusalimu kwanza, jambo ambalo kwetu si dogo. Aliweka jerikeni tupu juu ya meza ya duka, katikati ya vitambaa vya harusi.

"Hii ndiyo habari," alisema. "Soma hii."

Bi Saada hakuiondoa jerikeni. Alimletea Syombua kiti na chai, kisha akamwingiza studio, na mimi nikawekwa kumhoji. Sauti yake ilikuwa kavu, haikupanda wala kushuka. Alieleza kwamba mto wetu si wa kutiririka mwaka mzima. Mvua ikiisha, kinachoonekana ni mchanga tu, mweupe, na mgeni atadhani mto umekufa. Lakini maji yako chini. "Mchanga ndio tangi yetu," alisema. "Mvua ikinyesha, mchanga inaficha maji. Kiangazi ikikuja, wewe unachimba kidogo kwa mkono, unapata. Mama yangu alichota hapo, na mama yake. Sasa malori yanakuja yanabeba tangi. Hawabebi mchanga, dada. Wanabeba tangi yetu na maji ndani."

Nikamwuliza malori ni ya nani. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza jua ni la nani. "Kila mtu anajua," alisema.

Kila mtu alijua. Mheshimiwa wakati huo hakuwa Mheshimiwa bado. Alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa akijiandaa kugombea udiwani, na malori yake yalikuwa yakishuka Mikuyuni yakiwa matupu na kupanda yakiwa yameinama kwa uzito, yakielekea kwenye majengo ya Nairobi. Siku chache baada ya Syombua kuongea, alikuja dukani mwenyewe. Alileta kreti ya soda, mchele na sukari. Mimi nilikuwa studio, nikipanga kanda za nyimbo, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu.

"Mama, hii redio yako mimi naipenda sana," nilimsikia akisema. "Naisikiza hata kwa gari."

"Ahsante."

"Lakini mambo ya mchanga, mama, hiyo ni ya serikali. Hao akina mama hawaelewi. Mchanga inajenga shule. Inajenga hospitali. Hata hii duka yako imejengwa na mchanga."

"Ni kweli," alisema Bi Saada. "Na hiyo chai unayokunywa imepikwa kwa maji."

Kisha Mheshimiwa akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba redio ndogo kama hii ingekuwa heri ipige nyimbo tu na kuwaburudisha watu, kwa sababu leseni ni kitu kinachoweza kupotea. Bi Saada akamjibu kwamba kiti cha studio kipo, aje kesho aseme upande wake, Mbithe atamwuliza maswali kwa adabu. Alisema ataangalia nafasi. Alipotoka, Bi Saada alimfuata mpaka mlangoni. "Baba, umesahau vitu vyako," alimwambia, akasimama pale mpaka dereva akarudisha kreti, mchele na sukari kwenye gari, mbele ya soko zima. Mheshimiwa hakuja kesho yake, wala siku nyingine. Tuliendelea kuwaita wanawake wa Mikuyuni, na wa vijiji vingine vya mtoni, na kila mmoja alikuwa na shimo lake la kueleza.

Askari walikuja wakati wa habari za mchana. Nilikuwa nikisoma bei ya vitunguu. Aliingia sajini mmoja, mtu wa mbali asiyejua Kikamba, mpole kwa kawaida, pamoja na askari mwingine aliyebaki mlangoni. "Zimeni hiyo kitu," alisema sajini. Kilonzo alinitazama, mkono wake ukiwa karibu na swichi. Nilikuwa mdogo na nilikuwa naogopa, lakini nilikuwa nimesoma matangazo ya kutosha kujua kwamba mtu akiingia mlangoni husalimiwa. Nikasema kwenye maiki, "Wasikilizaji, tumepata wageni. Ameingia sajini wetu. Karibu afande, tuko hewani."

Sajini akasimama kama aliyekanyaga matope. Bi Saada, aliyekuwa ameketi kwenye kona yake, akainuka akamsogezea kiti na maiki. "Keti, mwanangu. Waambie kilichokuleta. Wanakusikia mpaka Matuu." Nje, sokoni, ambako kila kibanda kilikuwa na redio, makelele yalianza kufa. Hata mama wa vitunguu alinyamaza.

"Hamjambo," alisema sajini hatimaye. "Nimetumwa nije kuchukua mama. Aende kituoni, tuongee."

"Kwa kosa gani, afande?" nikauliza.

"Kosa litajulikana huko."

"Umetumwa na nani?"

Alivua kofia, akaivaa tena. "Mimi nimetumwa tu," akasema, na nilimwamini, na nadhani kila mtu aliyekuwa akisikiliza alimwamini pia, ndiyo maana lilikuwa jibu baya kwa aliyemtuma. Bi Saada aliomba avae buibui lake. Akiwa mlangoni akanigeukia. "Usizime," alisema. "Ukinyamaza watasema tumefungwa."

Basi nikabaki na maiki na sikuwa na kitu cha kusoma. Bei za vitunguu zilikuwa zimeisha. Nikaondoa blanketi dirishani ili nipate kuona, na kwa kuwa sikujua la kusema nikasema nilichokiona. Nikasema Bi Saada anapita kwa wauza vitunguu, ameshika mkoba wake mweusi. Nikasema amefika kwa mwenye bucha, amesimama kumsalimu, na sajini anamsubiri amalize. Nikasema amemwinamia mtoto wa mama wa mchele. Nikasema anatembea polepole, hajashikwa mkono na mtu. Kisha akakata kona kwenye ukuta wa kanisa na sikumwona tena, na hofu yote ikanijia kwa mara moja. Ndipo simu ya Kilonzo ikalia. Alisikiliza kidogo, macho yakamtoka, akaiweka kwenye maiki.

"Mimi niko hapa kwa kinu cha unga," ilisema sauti ya mwanamke. "Nawaona. Wanapita sasa hivi. Mama yuko sawa. Amenipungia mkono."

Akamaliza, akapiga mwingine, fundi wa baiskeli aliyekuwa mbele zaidi, kisha mwanafunzi aliyekuwa amepanda juu ya uzio, kisha mzee mmoja aliyesema kwa Kikamba kwamba wamefika kituoni, ameketishwa kwenye benchi nje, na yeye mzee ameketi naye na haondoki. Watu ambao hawakuwahi kushika maiki maishani mwao walimbeba Bi Saada kwa sauti zao kutoka mlango wa duka mpaka benchi ya polisi bila kumwachilia hatua moja. Nimesoma habari za uchaguzi na za vifo vya watu wakubwa. Nimepewa vyeti. Lakini nikiulizwa ni lini nilikuwa mtangazaji, nitasema ni mchana ule, nikiwa nimenyamaza, Kilonzo akishikilia simu.

Waliokuwa karibu walifunga vibanda wakaenda kituoni. Wa Mikuyuni walifika baadaye kidogo, na jerikeni zao, wakaziweka chini wakazikalia. Hakuna aliyepiga kelele. Walikaa tu. Jua likiwa bado halijatua Bi Saada aliachiliwa bila kuandikiwa shtaka lolote, akarudi dukani akauliza kama kuna chakula kilichobaki.

Lakini hawakuwa wamemalizana nasi. Tuliitwa kwa chifu, tukasomewa amri kwamba mpaka shauri lisikilizwe, redio isitaje mchanga wala malori. Nilitegemea Bi Saada awajibu kama alivyomjibu Mheshimiwa. Badala yake alisema, "Sawa, hatutataja," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa avue viatu mlangoni. Nilikasirika. Tulirudi dukani tukakaa kunywa chai.

"Bi Saada, umekubali?"

"Nimekubali kutotaja," alisema. "Wewe umenisikia nikikubali kunyamaza?"

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Mikuyuni, yeye, Kilonzo na mimi, na kinasa sauti kidogo. Kiangazi chote nilikuwa nimewasikia wanawake wakieleza, na bado sikuwa tayari kwa nilichokiona. Mto ulikuwa umechotwa mpaka mwamba ukaonekana, kama sahani iliyolambwa. Mahali palipobaki na mchanga, Syombua na wenzake walikuwa wamechimba shimo refu kuliko mtu, na ubavuni mwake wamekata vidato vya kushukia. Mwanamke mmoja alikuwa chini kabisa, amechuchumaa, na kikombe. Alikwaruza mchanga. Akangoja. Maji yakajikusanya kidogo, akayachota, akampa aliye juu yake, naye akamimina kwenye jerikeni. Kisha wakangoja tena. Mtu angeweza kumaliza mazungumzo marefu katika kungoja kule, lakini hawakuongea. Kilonzo alishuka shimoni na kinasa sauti, akakiweka karibu na kikombe.

Kesho yake, kabla ya habari za mchana, tulipiga sauti ile. Kikombe kikikwaruza. Maji kidogo, kama mtu anayemimina dawa kijikoni. Kimya kirefu. Kikombe tena. Hakuna neno lililosemwa. Baada yake nikasoma habari kama kawaida, vifo, mikutano ya chama, ndama aliyepotea. Tukaipiga siku iliyofuata na iliyofuata. Mwanzoni watu walipiga simu kuuliza kama mitambo imeharibika. Nikawaambia mitambo ni mizima, hiyo ni sauti tu. Haikuchukua muda kabla hawajaacha kuuliza. Mwenye hoteli ya jirani aliniambia sauti ile ikianza, wateja wake huweka vijiko chini. Sijui kama ni kweli, alikuwa mtu wa kupenda kuongeza chumvi, lakini mimi mwenyewe studio sikuwahi kuizoea. Kile kimya cha kungoja kilinichoma kila siku upya.

Mheshimiwa alipeleka malalamiko. Safari hii liliitwa baraza kamili, na mkubwa wa chifu, bwana tarafa mwenyewe, akaja kusikiliza, kijana mwenye miwani, mgeni katika kazi, ambaye hatukujua ameegemea upande gani. Uwanja wa ofisi ya chifu ulijaa. Mheshimiwa alisimama akasema redio imevunja amri ya serikali kila siku, tena kwa dharau. Bwana tarafa akaomba aonyeshwe. Kilonzo akaweka kinasa sauti juu ya meza, akakibonyeza, na watu wote wale wakanyamaza kusikiliza kikombe kikikwaruza.

Sauti ilipoisha bwana tarafa alimgeukia Mheshimiwa. "Mimi sijasikia mtu akitaja mchanga."

"Hawajataja, lakini kila mtu anajua inamaanisha nini."

"Mimi ni mgeni. Inamaanisha nini?"

Nilimwona Mheshimiwa akitafuta njia nyingine ya kutokea na asiipate. "Inamaanisha mchanga imeisha," alisema, "na akina mama hawana maji."

Kutoka nyuma, kwenye kundi la Mikuyuni, kilitoka kicheko kimoja kifupi, kisha kingine, kisha uwanja mzima ukawa unacheka, isipokuwa Syombua. Yeye alikuwa amesimama. Bwana tarafa alivua miwani akaipangusa, akaivaa. Akasema baraza litaendelea huko huko mtoni, na kila mtu aje.

Najua yaliyofuata baadaye. Malori yalikatazwa pale kwenye kona, yakahamia upande wa chini, na huko nako ikabidi wanawake wengine wasimame. Ilihitaji misimu mingi ya mvua kabla mchanga haujarudi, na haujarudi wote. Mheshimiwa alishindwa udiwani mwaka ule, akajaribu tena, na tena, mpaka akapata, na leo ana jina refu na walinzi. Sidai kwamba tulimshinda. Ninachodai ni kitu kidogo zaidi na simwachii mtu. Ninadai kwamba nilikuwepo, na kwamba najua nani alikuwa upande gani wa meza. Kilonzo alinipigia simu siku ya tatu baada ya mazishi, akaniuliza kama siogopi kuyaandika haya. Nikamwambia nilishaogopa zamani, nikiwa na umri wa wajukuu wa Bi Saada, na hata wakati huo nilisema.

Siku ile ya baraza tulifika Mikuyuni jua likiwa kali. Bwana tarafa aliinama ukingoni mwa shimo akatazama chini muda mrefu. Alimwomba Mheshimiwa ashuke aone mwenyewe, na Mheshimiwa akasema viatu vyake si vya kazi hiyo. Bi Saada alipandisha pindo la buibui akashuka, mtu mzima, mkono mmoja umeshika bega la Syombua, akachota kile kikombe kimoja kilichokuwepo, akakipandisha juu mpaka mkononi mwa bwana tarafa. Naye akakishika bila kukinywa. Akasema malori yasionekane tena mahali pale. Kisha, kana kwamba amekumbuka jambo dogo, akatugeukia. "Na ile amri ya kutotaja imekwisha. Semeni mnavyotaka."

Bi Saada alikuwa bado yumo shimoni, kwenye kidato cha juu. Alinyoosha mkono akachukua kinasa sauti kutoka kwa Kilonzo, akakiwasha, akanipa mimi.

"Haya, Mbithe," alisema. "Taja."

Nikataja mchanga. Nikautaja kwa Kiswahili chake na kwa Kiswahili chetu, kisha kwa Kikamba. Nikataja malori, rangi zake na njia yanazopita. Nikamtaja Syombua, na mama yake, na mama wa mama yake. Na mwisho nikamtaja mwenye malori, majina yake yote matatu, polepole, kama mtu aliyekwenda mlangoni kwake kumpelekea habari, naye akiwa amesimama pale ukingoni na viatu vyake safi, akinisikia.